Sam Ntiro, Mchora Picha wa Kilimanjaro

Nilipokuwa nikifundisha Gatina, upande wa Kawangware hapa Nairobi, niliwaambia wanafunzi wangu siku moja wachore picha ya nyumbani kwao. Sikuongeza neno. Saa ilipokwisha nilikusanya karatasi zao, na karibu zote zilikuwa na nyumba moja: nyumba ya matofali yenye bomba la moshi juu ya paa, mti mmoja kila upande, na jua likichomoza kati ya milima miwili. Ilikuwa nyumba nzuri, lakini hapana hata mmoja wao aliyepata kulala ndani yake. Wengi wao walitoka katika vyumba vya mabati vilivyopangwa kwa safu kuzunguka ua wenye mfereji mmoja wa maji. Nilipowauliza kwa nini hawakuuchora ua ule, mmoja wao aliniuliza kwa mshangao wa kweli: "Mwalimu, kwani mabati nayo huchorwa?"

Swali lile sikulijibu vyema siku ile. Insha hii ni jibu langu lililochelewa. Nataka kulitoa kwa kukusimulia, msomaji, habari za mtu aliyeshika brashi ya rangi kwa mkono mmoja na kalamu kwa mkono mwingine, wakati ambapo Waafrika wa nchi hizi waliofanya hivyo walihesabika. Nitamsifu panapostahili sifa, na pale anapopungua sitamficha, kwa kuwa kazi ya mhakiki ni kupima, na mizani isiyoshuka kamwe upande wowote si mizani.

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, katika miteremko ya mlima Kilimanjaro. Nchi aliyokulia ilikuwa ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na mibuni yanayozunguka kila nyumba, yakinyweshwa kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Alipokuwa mtoto wa miaka 10, wakulima wa mlimani waliunda KNCU, chama chao cha ushirika cha kuuza kahawa. Basi tangu utoto wake aliona watu wakifanya kazi pamoja. Walipalilia pamoja, wakachuma pamoja, wakanywesha ng'ombe pamoja, na waliposherehekea walinywa pamoja pombe ya mbege, itengenezwayo kwa ndizi na ulezi. Kumbuka mambo hayo, maana takriban kila picha aliyoichora baadaye ilitoka humo.

Katika miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Uganda. Hapo palikuwa na mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha uchoraji na uchongaji mwaka 1937. Wanafunzi wake wa kwanza ndio waliofungua njia ya sanaa mpya katika nchi zetu; miongoni mwao alikuwamo Gregory Maloba wa Kenya, mchongaji wa ile sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Bibi Trowell hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aghalabu aliwasimulia kisa au kuwaeleza jambo la maisha ya kijijini, kisha akawaachia walione kwa macho ya ndani na kulichora kama walivyoliona. Ntiro alifaulu sana katika mafunzo hayo, na baadaye akawa mwalimu hapo hapo Makerere.

Hapa msomaji mwangalifu atasita, nami nasita pamoja naye. Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ikiwa mgeni ndiye akuambiaye urudi kwenu, je, kurudi huko ni kwako au ni kwake? Je, yule mama hakuwazuilia wanafunzi wake baadhi ya maarifa ya ulimwengu kwa kutaka wabaki kama alivyowapenda yeye? Swali hili halikuzuka Afrika ya Mashariki peke yake. Katika Bara Hindi, nusu karne kabla ya Ntiro, Abanindranath Tagore alipita njia iyo hiyo. Yeye alizaliwa mwaka 1871 katika ukoo wa mshairi Rabindranath Tagore, akafa mwaka 1951. Naye alikuwa mchora picha na mwandishi pamoja: alitunga hadithi za watoto kwa Kibengali, na mwaka 1905 alichora picha mashuhuri iliyoionyesha nchi yake katika umbo la mwanamke. Kwanza alifundishwa na walimu wa Ulaya namna ya Ulaya. Kisha Mwingereza mmoja, E. B. Havell, mkuu wa shule ya sanaa ya Calcutta, alimtia moyo azitazame picha za kale za Kihindi. Watu wa Bengali walibishana juu ya jambo hili: kama shauri lile lilikuwa zawadi, au kizuizi kilichopambwa. Lakini mti hujulikana kwa matunda yake. Msanii hapimwi kwa aliyemwonyesha njia. Hupimwa kwa alichokileta nyumbani aliporudi.

Basi na tumpime Ntiro kwa kipimo hicho. Mwaka 1952 alikwenda London, akasoma katika Slade, shule ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1871 na kusifika kwa kufundisha uchoraji wa mwili wa binadamu, mfupa kwa mfupa na msuli kwa msuli. Alikaa huko mpaka mwaka 1955. Sasa hakuwako tena mtu wa kumkataza kuiga. Picha za Ulaya zilikuwa mbele ya macho yake kila siku, na walimu walikuwa tayari kumfundisha namna zao zote. Alitoka huko akiwa na ujuzi, lakini akaendelea kuchora milima, migomba na wakulima wa Machame, tena kwa namna ile ile yake. Kwa hiyo nasema kwamba namna ile haikuwa kamba aliyofungwa na mwalimu. Mtu aliyefungwa hukimbia mlango ukifunguliwa. Ntiro aliufunguliwa mlango akarudi kwao kwa hiari.

Namna hiyo ni ipi? Mtu akizitazama picha zake kwa mara ya kwanza huweza kusema kwamba ni za kitoto. Watu ni wadogo, na miili yao imechorwa kwa mistari michache. Nyuso hazina alama za kumtofautisha mmoja na mwenzake. Rangi ya kijani imejaa, ikitanda kutoka ukingo hadi ukingo, na mlima au migomba huchukua nafasi kubwa kuliko binadamu. Lakini tazama tena bila haraka. Katika picha hizo mtu hasimami peke yake kama nguzo. Yumo katika safu au katika kundi, na kundi limo katika nchi, na nchi haina mahali palipobaki tupu. Hayo si makosa ya mkono usiojua. Ni maono ya mtu aliyeamini kwamba binadamu huonekana kamili pale anapofanya kazi pamoja na wenzake, juu ya ardhi yake mwenyewe.

Picha yake ijulikanayo zaidi ni ile ya mwaka 1956 ionyeshayo wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Imechorwa kwa rangi ya mafuta, wala si kubwa. Ungeweza kuilaza juu ya dawati lako. Mwaka 1960 ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, Marekani, heshima ambayo wachora picha wachache sana wa Afrika walikuwa wameipata wakati huo. Wengi huishia hapo wanapomsifu Ntiro: kwamba picha yake ilivuka bahari ikanunuliwa na watu wakubwa. Mimi nadhani sifa hiyo ni ndogo. Soko la ugenini si hakimu wa mwisho. Sifa kubwa imo ndani ya picha yenyewe, katika jambo ambalo ni rahisi kulipita.

Jambo lenyewe ni kwamba wanaume wale wamebeba mizigo. Fungua vitabu vya safari vilivyoandikwa na wageni katika karne ya 19, vya Stanley na wenzake, utazame picha zilizochapwa ndani. Mwafrika ameonyeshwa mara nyingi katika safu, na mzigo uko kichwani. Lakini mzigo si wake, na safari si yake. Yeye ni mpagazi. Hata hapa Nairobi, mtaa wa Kariokor umepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi waliochukuliwa katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, na wengi wao hawakurudi kwao. Safu ya watu weusi waliobeba mizigo ilikuwa picha iliyozoeleka mno machoni pa ulimwengu. Ntiro aliichukua safu iyo hiyo akaibadilisha roho. Wanaume wake wamebeba pombe iliyopikwa kwao, kutoka kwa ndizi za vihamba vyao, na wanampelekea bibi arusi wao, kwa desturi yao, usiku ambapo hakuna bwana wa kuwahesabu. Hao ni wabeba mizigo wasio wapagazi. Hakuandika ukutani neno la kudai uhuru, lakini miaka 5 kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa aliwachora watu walio huru.

Sasa tugeuke tumtazame Ntiro mwenye kalamu. Mwaka 1953 kitabu chake kiitwacho "Desturi za Wachagga" kilichapishwa hapa Nairobi na Eagle Press, tawi la uchapaji la shirika la vitabu la Afrika ya Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948. Mwandishi alikuwa angali mwanafunzi London. Aliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo si Wachagga peke yao wangeisoma, bali pia Mjaluo wa Kisumu, Mdigo wa Kwale na Msukuma wa Mwanza. Mwacha mila ni mtumwa, husema Waswahili. Na Ntiro aliona kwamba mila isiyoandikwa huachwa hata na yule asiyekusudia kuiacha.

Nakuomba hapa ukumbuke somo la sarufi, msomaji, kwa maana litatufumbulia picha zake pia. Kitabu chochote cha desturi hutegemea kiambishi kimoja kidogo, nacho ni "hu-". Wazee hukutana. Bwana arusi hupeleka pombe. Vijana huchimba mfereji. Kiambishi hiki kina tabia mbili za ajabu. Ya kwanza, hakina tarehe: jambo lilitendeka jana, linatendeka leo, litatendeka kesho. Ya pili, kitenzi chake hakibebi alama ya nafsi. Mimi hulima, wewe hulima, wao hulima. Kitenzi ni kile kile, na mtendaji hajulikani kutoka ndani yake. Sasa zirudie picha za Ntiro. Zile nyuso zisizo na alama, zile kazi zisizo na siku wala mwaka, si hu- iliyopakwa rangi? Mkono uliochora na mkono ulioandika ulikuwa na nia moja: kushika lile litendekalo daima, lisije likapotea. Ndiyo sababu nasema kwamba hatuna wasanii wawili, mmoja wa rangi na mmoja wa maneno. Tuna mtu mmoja na sarufi moja.

Lakini hu- ina upungufu wake, na hapa ndipo ninapotoa lawama yangu. Hu- husema Wachagga hulima. Haiwezi kusema siku ile fulani mtu fulani alifukuzwa shambani mwake. Kwa jambo hilo tunahitaji "li-", kiambishi cha jambo lililotokea mara moja, kwa mtu mwenye jina. Na mambo ya namna hiyo yalikuwa yakitokea karibu sana na Machame. Mwaka 1951, kwenye mlima jirani wa Meru, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Mwaka uliofuata kijana wao, Kirilo Japhet, alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kueleza kilio cha watu wake. Katika picha za Ntiro zijulikanazo zaidi hutaona kilio hicho. Wakulima wake hawatozwi kodi, hawagombanii mpaka, wala hawachoki. Mwanamke aliyebeba ndizi hatuambiwi kama mgongo unamwuma. Yote ni mazuri mno, na uzuri usio na jasho huanza kufanana na ndoto ya mtu aliye mbali na kwao.

Je, tumhukumu kwa hilo? Nimelipima jambo hili mara nyingi, na hukumu yangu ni hii. Watu wakishaambiwa kwa miaka sitini kwamba hawana desturi ila ushenzi, wala kazi ila ya kumtumikia mwingine, hu- si neno dogo. Kusema "sisi hufanya hivi" ni kusema kwamba tupo, tulikuwapo, na tuna utaratibu wetu. Mtu hawezi kulilia kilichochukuliwa mpaka ajue kwamba alikuwa nacho. Ntiro alifanya kazi ya kwanza, ile inayotangulia nyingine zote. Hakuifanya kazi ya pili, na si haki kumsifu kana kwamba aliifanya. Amewaachia wengine.

Maisha yake ya baadaye yalimpeleka kwenye utumishi. Tanganyika ilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1961, aliwekwa kuwa balozi wake wa kwanza mjini London, akakaa katika kazi hiyo mpaka mwaka 1964. Mkewe, Sarah Nyendwoha wa Uganda, alikuwa mtangulizi kwa njia yake mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwanamke Mwafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kupata digrii, aliyoipata Oxford mwaka 1954. Ntiro aliporudi nyumbani alizitumikia kazi za utamaduni serikalini, kisha akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Katika vyeo vyote hivyo hakuitupa brashi, wala hakuyaacha yale mambo yake ya mlimani.

Sasa turudi Gatina, maana nina deni la swali. Simama asubuhi na mapema kando ya barabara, kabla jua halijachomoza sawasawa. Utaona safu ya watu wakitembea kuelekea Lavington: mafundi na vibarua wa mjengo, akina mama wanaokwenda kufua na kupika katika nyumba za wengine, walinzi wanaokwenda kuwapokea wenzao zamu. Utaona mwanamume akivuta mkokoteni uliojaa mitungi ya maji. Nyuma yao ni mabati, mengine mapya yenye kung'aa, mengine yamekula kutu mpaka yakapata rangi ya udongo wa Machame. Jioni safu hiyo hiyo hurudi, na mikononi mwao mna unga, mboga na mafuta ya taa. Asubuhi wanabeba mzigo wa mwingine. Jioni wanabeba wa kwao. Ni watu wale wale, njia ile ile.

Ungeichora vipi safu hiyo, msomaji? Ukiichora kama wachoraji wa vitabu vya safari, utakuwa umechora wapagazi tu. Ukiichora kama Ntiro, utapata heshima yao na umoja wao, lakini utaipoteza ile tofauti ya asubuhi na jioni, maana katika kihamba chake hakuna lango la tajiri. Picha ya Gatina inahitaji viambishi viwili kwa pamoja. Inahitaji hu-, ili tujue kwamba watu hawa huamka, hufanya kazi, hulea watoto, huzikana, na kwamba huo ni utaratibu, si fujo kama waonavyo wapitaji. Inahitaji na li-, ili tumjue mama mmoja kwa uso wake, siku aliyoambiwa kazi imekwisha, au siku aliyorudi amemnunulia mwanawe viatu. Mchora picha atakayeviweza vyote viwili atakuwa amemzidi Ntiro, na Ntiro, aliyekuwa mwalimu, angefurahi kuzidiwa na mwanafunzi.

Yule mwanafunzi wangu aliuliza kama mabati nayo huchorwa. Nilipaswa kumjibu kwamba migomba nayo haikuwa ikichorwa. Ilikuwa ni migomba tu, nyuma ya nyumba, na aliyekwenda London angetazamiwa kuchora miti ya London. Ilianza kuchorwa siku ambayo mtu mmoja wa Machame aliamua kwamba mahali alipozaliwa panatosha kuwa picha. Kabla hu- haijawa desturi, lazima mtu mmoja awe ametenda mara ya kwanza. Chukua basi karatasi yako. Iache ile nyumba yenye bomba la moshi kwa wenyewe wanaoishi ndani yake. Chora ua wako, na mfereji wake, na watu waliosimama hapo wakingoja zamu ya maji.